Seti ya pampu ya kupimia presha ya rejeta: tathmini baada ya kuitumia kwenye magari matatu

Gari linalopungukiwa kidogo kidogo na kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, humweka mwenyewe mahali pagumu mbele ya fundi. Huenda maji yanapotea kwa sababu ya mfuniko wa rejeta usiobana, ambayo ni kazi ya dakika mbili, au huenda yanaingia ndani ya silinda kupitia gasketi (kizibo chembamba kati ya kichwa cha injini na mwili wake) iliyoungua, ambayo ni kazi ya kufungua nusu ya injini; lakini anachokiona mwenye gari katika hali zote mbili ni kilekile, yaani tangi la akiba linashuka, na siku moja, akiwa mlimani au kwenye foleni, mshale wa joto unapanda. Seti ninayoitathmini hapa imetengenezwa ili kuzitenganisha hali hizo kabla mtu hajaridhia gharama yoyote. Nimeitumia kwa miaka miwili sasa, kwenye gari langu, la jirani yangu na la dada yangu, na katika magari hayo matatu imenipa majibu matatu yasiyofanana, likiwemo moja ambalo nililisoma vibaya.

Ndani ya sanduku gumu la plastiki kuna pampu ya mkono inayofanana na ya baiskeli, ila ni fupi, na kichwani ina geji ya mviringo inayosoma kuanzia 0 hadi baa 2.5 (baa ni kipimo cha presha). Pamoja nayo kuna mpira mfupi wenye kiungio cha kuchomeka, kitufe cha kuachia presha, kipimajoto chembamba ambacho sijawahi kukihitaji, na adapta 14 za rangi mbalimbali, kila moja ikiwa na umbo la mfuniko wa rejeta au wa tangi la akiba wa aina fulani ya magari. Mtu hutoa mfuniko wa gari, hufunga adapta inayolingana mahali pake, huchomeka pampu, hujaza presha, kisha husubiri huku akitazama geji. Mshale ukishuka, kuna mahali presha inatoka, na kazi inayobaki ni kupatafuta mahali hapo.

Thamani ya kifaa hiki haieleweki mpaka mtu ajue kwamba mfumo wa kupoza injini hufanya kazi chini ya presha wakati wote gari linapotembea. Juu ya mfuniko wa rejeta wa magari mengi pamepigwa chapa ya namba kama 0.9 au 1.1, ambayo ni kiwango cha presha, kwa kilo kwa sentimita mraba, ambacho springi ya mfuniko huanza kuachia. Kipimo hicho kinatofautiana na baa kwa kiasi kidogo sana. Presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji yasichemke mapema. Maji matupu, ambayo katika usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, yakiwa chini ya presha ya ziada ya karibu baa 1 huchelewa kuchemka hadi kwenye nyuzi 120 hivi, na mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti huvumilia hadi karibu na nyuzi 130. Ufa mwembamba kwenye plastiki, au mpira uliolegea kwenye kibano chake, hauvuji gari likiwa limepoa kwa sababu hakuna kinachoyasukuma maji. Huvuja njiani, presha ikiwa imepanda, na tone linaloangukia chuma cha moto hukauka kabla halijafika chini. Ndiyo maana mtu hutandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha, asubuhi akalikuta kavu, na akaamini kwamba injini inakunywa maji. Pampu hii huleta presha bila joto, na tone likitoka hubaki kuwa tone, likining'inia mahali lilipotokea mpaka mtu amulike tochi na kuliona.

Kuna mambo ambayo hayahitaji seti wala fundi, na ningependa kila mtu ayafanye kwanza. Bandika kipande cha utepe kwenye tangi la akiba, usawa wa kulanti ilipo asubuhi gari likiwa limepoa kabisa, kisha tazama kila asubuhi kwa wiki nzima. Bila alama hiyo utakuwa unabishana na kumbukumbu yako. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu yanayodondoka chini ya gari baada ya kutumia kiyoyozi ni unyevu wa hewa uliogandamana, wala hayahusiani na rejeta. Kama kulanti imebadilishwa hivi karibuni, kushuka kwake katika siku za mwanzo kunaweza kuwa ni hewa iliyokuwa imenaswa ndani ikitoka na kuacha nafasi. Kapeti yenye unyevu upande wa abiria, harufu tamu ndani ya gari na ukungu wa mafuta mafuta kwenye kioo cha mbele huelekeza kwenye rejeta ndogo ya hita iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Uji mweupe chini ya mfuniko wa oili huwatisha watu wengi, lakini katika gari linalotembea safari fupi fupi unaweza kuwa ni mvuke wa maji uliochanganyika na oili bila gasketi kuwa na kosa lolote. Hali ni tofauti kabisa ikiwa oili yenyewe, kwenye kijiti cha kupimia, imekuwa kama chai ya maziwa.

Nasisitiza jambo moja kuhusu harufu hiyo tamu. Nimewaona watu wakichovya kidole kwenye kimiminika kilichodondoka na kukionja ili wajue kama ni kulanti. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu inayoharibu figo, na utamu huohuo ndio unaowavuta watoto, mbwa na paka kuinywa inapoachwa imetuama chini. Inuse, ipanguse kwa karatasi nyeupe uone rangi yake, lakini usiionje kamwe, na ukimaliza kazi usafishe sakafu kwa maji mengi.

Sasa nije kwenye matumizi yenyewe, kwa sababu karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti hii ni fupi mno na katika sehemu moja inapotosha. Injini lazima iwe imepoa kabisa, na kuna sababu mbili. Ya kwanza ni usalama wa mikono na uso: maji yenye joto la zaidi ya nyuzi 100 yanayozuiwa na mfuniko tu hugeuka mvuke papo hapo mfuniko unapofunguliwa, na majeraha yake ni mabaya mno. Sababu ya pili, ambayo karatasi haikuitaja kabisa, ni usahihi wa jibu. Injini yenye uvuguvugu inaendelea kupoa wakati wa kipimo, na vilivyomo ndani ya mfumo vinapopoa hunywea, hivyo mshale hushuka taratibu ingawa hakuna kinachovuja popote. Mtu aliyepima saa moja baada ya kuzima gari anaweza kulaani gasketi nzima kwa sababu hiyo. Mimi hupima asubuhi, kabla gari halijawashwa.

Presha ya kujaza ni ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa gari lenyewe, wala si zaidi ya hapo. Geji ya seti hii imepakwa eneo la kijani linaloanzia baa 0.8 hadi 1.5, na karatasi inasema ujaze mpaka mshale uingie kwenye kijani. Kwa gari ambalo mfuniko wake ni wa 0.9, baa 1.5 ni mzigo ambao matangi ya plastiki ya rejeta ya zamani na mipira ya hita hayakutengenezwa kuubeba, na mtu anaweza kuanza asubuhi akiwa na uvujaji mmoja na akamaliza akiwa na miwili. Hilo ndilo kosa kubwa zaidi la bidhaa hii kwa maoni yangu, na ningeomba watengenezaji waifute rangi hiyo kabisa. Ukishajaza, mshale utashuka kidogo katika dakika ya kwanza kwa sababu mipira inatanuka. Ongeza mpaka kiwango kilekile, kisha ndipo uanze kuhesabu muda. Dakika 15 zinatosha kwa uvujaji wa kawaida. Uvujaji mwembamba unahitaji nusu saa au zaidi, na wakati wote huo mtu hana budi kuzunguka na tochi na kioo kidogo cha mkononi, kwa kuwa geji husema kwamba kuna tatizo lakini haisemi liko wapi.

Adapta nayo inaweza kudanganya. Raba iliyo ndani yake ikiwa imekauka au ina mchanga, hewa hutoka hapo hapo shingoni na mshale hushuka vilevile. Hupaka maji ya sabuni kuzunguka adapta na kwenye kiungio cha mpira kabla sijaamini chochote, na mara mbili mapovu yameniokoa nisitoe hukumu ya uongo.

Gari la kwanza lilikuwa langu. Lilikuwa likipoteza kiasi cha glasi moja ya kulanti kwa wiki, na fundi niliyempelekea alilala chini, akaona ukoko wa waridi uliokauka chini ya pampu ya maji, akaniambia pampu imekwisha. Maelezo yake yalikuwa na mantiki: pampu za maji zina kitundu kidogo chini ya ekseli ambacho hutoa maji sili ya ndani inapochoka, na ukoko mahali pale ni dalili inayojulikana, ingawa alama hafifu iliyokauka kwenye kitundu hicho huweza kuwepo hata kwa pampu nzima. Nilimwomba aniachie siku moja. Asubuhi nilijaza baa 1.1, na baada ya dakika kumi mshale ulikuwa kwenye 0.8 na chini ya pampu palikuwa pamelowa. Hapo ningeweza kabisa kukubaliana naye. Niliyapangusa maji yote kwa kitambaa, nikajaza tena, na safari hii nikatazama kutoka juu badala ya kutoka chini, kwa kuwa maji hushuka na mahali yanapodondokea ni mwisho wa safari yao. Mahali pa juu kabisa palipolowa palikuwa ni shingo ya plastiki ambapo mpira wa juu wa rejeta unaingia kwenye injini, penye thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele uliojifungua presha ilipofika karibu baa 1, na maji yake yalitambaa nyuma ya mkanda mpaka kwenye kiwiliwili cha pampu, yakaacha ukoko uleule uliomshawishi fundi. Kitundu cha pampu chenyewe kilikuwa kikavu. Tulibadilisha shingo ile na oringi yake, yaani pete ya raba ya kuzibia. Kisha, kabla sijaondoka gereji, nilipima tena kwa nusu saa na mshale haukutikisika. Kipimo hiki cha pili, baada ya matengenezo, ni nusu ya faida ya seti na watu wengi hukisahau.

Sidhani fundi yule alitaka kunidhulumu. Alisoma dalili aliyoiona bila kifaa, na gereji yake haikuwa nacho.

Gari la jirani ndilo lililonifundisha mpaka wa kipimo hiki. Yeye alikuwa tayari amebadilishiwa rejeta nzima, akiambiwa kwamba ile ya zamani ilikuwa imeoza kwenye maungio ya plastiki na aluminiamu, na bado kulanti iliendelea kupungua. Nilipima asubuhi kwa presha iliyoandikwa, 1.1, na kwa nusu saa mshale ulisimama kama umepigiliwa msumari. Nilimwambia kwamba mfumo wake hauvuji, na nilikosea. Baada ya siku tatu alinipigia simu akasema, "Ndugu yangu, limechemsha tena." Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria ni kwamba ili kufunga adapta lazima kwanza utoe mfuniko, kwa hiyo kipimo hukagua kila kitu katika mfumo isipokuwa mfuniko wenyewe. Seti ina adapta yenye ncha mbili kwa ajili hiyo: mfuniko hufungwa upande mmoja, pampu upande wa pili, na mtu anajaza polepole mpaka mfuniko uachie. Mfuniko ule, uliokuwa wa zamani na ulirudishwa tu juu ya rejeta mpya, uliachia kwenye baa 0.6. Mambo yote yakaeleweka. Presha ilipovuka 0.6 njiani, kulanti ilisukumwa kwenda kwenye tangi la akiba, likajaa, nyingine ikamwagikia barabarani kupitia bomba la ziada. Na kwa kuwa presha haikufika inapotakiwa, maji yalichemka katika joto ambalo mfumo mzima ungelistahimili. Mfuniko una vali ya pili ndogo inayofungukia ndani injini inapopoa, ili kulanti irudi kutoka kwenye tangi la akiba, na vali hiyo nayo ilikuwa imeganda. Tangu siku hiyo mfuniko ndio kitu cha kwanza ninachokipima, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na laiti karatasi ya maelekezo ingeanza na hilo.

Gari la dada yangu ni la petroli, na fundi wake alimwambia moja kwa moja kwamba ni gasketi ya silinda hedi. Alishtuka kwa ukubwa wa kazi na akaniita akiwa na hakika kwamba anadanganywa. Nilipima mfuniko, ukawa mzima. Nilijaza mfumo baa 0.9, na katika dakika 15 mshale ulishuka hadi 0.7; hakuna tone lolote nje, kapeti kavu, oili safi. Mshale unaposhuka huku nje kote kukiwa kukavu, maji yana njia chache sana za kwenda, na iliyo mbaya kuliko zote ni ndani ya silinda. Nilirejesha presha na kuiacha usiku kucha.

Hapa natoa onyo kwa uzito wote. Asubuhi yake gari la namna hiyo halipaswi kuwashwa kama kawaida, kwa sababu kama maji yamejaa juu ya pistoni, maji hayagandamizwi kama hewa, na injini ikizungushwa kwa nguvu mkono wa pistoni unaweza kupinda. Tulimwita fundi mwenyewe. Alikata umeme wa kuwashia na wa pampu ya petroli, akatoa plagi zote nne, akasema, "Dada, simama pembeni kidogo," kisha akapiga stata. Kutoka kwenye tundu la silinda ya tatu ulitoka ukungu wa waridi ulioruka mpaka chini ya boneti. Plagi ya silinda hiyo ilikuwa imeoshwa nyeupe huku wenzake wakiwa na rangi ya hudhurungi. Fundi alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Dada yangu alilipa bila kinyongo, na kwa kuwa sasa tulijua ni silinda ipi, tuliomba kichwa cha injini kipimwe unyoofu wake na kikaguliwe nyufa kabla ya kufungiwa gasketi mpya, jambo ambalo hurukwa mara nyingi na ambalo huwafanya watu walipie kazi ileile mara mbili.

Kwa tatizo la gasketi, kuna kifaa kingine kinachouzwa peke yake ambacho nakiona kuwa ndugu wa lazima wa seti hii: bomba la plastiki lenye kimiminika cha buluu, linalowekwa juu ya shingo ya rejeta injini ikiwa inanguruma, na kwa kubonyeza kipira chake hewa ya ndani ya rejeta huvutwa na kupitishwa ndani ya kimiminika hicho. Hewa ya ukaa inayotokana na mwako hukigeuza kuwa cha manjano kwa injini ya petroli, na cha kijani kwa ya dizeli. Gari la dada yangu lilikigeuza manjano ndani ya dakika mbili. Hata hivyo, kubaki buluu hakumsafishi mtu moja kwa moja, kwa sababu gasketi inaweza kuwa imetoboka kati ya njia ya maji na njia ya oili bila kugusa chemba ya mwako, na tena tobo dogo linaweza kujionyesha tu injini inapobeba mzigo. Kulanti ikivutwa ndani ya bomba huharibu kimiminika na jibu lake, kwa hiyo inabidi upunguze kulanti sentimita chache kwenye shingo kwanza.

Uvujaji ambao pampu hii huushindwa kabisa ni ule unaohitaji joto. Chuma, aluminiamu na plastiki havitanuki kwa kiwango kimoja, na ufa uliojifunga injini ikiwa baridi huweza kufunguka ikifika nyuzi 90. Kinyume chake pia hutokea, ambapo mpira kwenye kibano huvuja asubuhi ya baridi na kuacha gari linapopata moto. Kwa hali ya kwanza dawa ni rangi ya kung'aa inayochanganywa kwenye kulanti, gari likaendeshwa siku kadhaa, kisha mtu akamulika gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno huku amevaa miwani ya njano. Nimeitumia mara moja na ilifanya kazi, lakini inahitaji usafi wa hali ya juu, maana tone moja lililomwagika wakati wa kujaza hung'aa sawasawa na uvujaji halisi, na baadhi ya kulanti hung'aa zenyewe hata bila rangi kuongezwa.

Kuhusu ubora wa seti yenyewe, pampu ni imara na haijapoteza nguvu. Geji niliilinganisha na ya gereji moja kwa kuiunga kwenye mfumo uleule, na tofauti haikuzidi baa 0.05, ambayo kwa kazi hii haina madhara. Raba za adapta ndizo dhaifu: mbili zimepasuka ndani ya miaka miwili na nimelazimika kutafuta oringi za kufanana nazo. Adapta za magari yenye tangi la akiba la kufungwa kwa hesi zinakaa vizuri; ile ya raba inayotanuka, inayodaiwa kutosha kila gari, iliruka kutoka shingoni ilipofika baa 0.7, na sijaitumia tena. Kabla ya kununua, hakikisha kwa macho yako kwamba mfuniko wa gari lako una mwenzake ndani ya sanduku, kwa sababu idadi ya adapta iliyoandikwa juu haikusaidii kitu kama ile unayoihitaji haimo. Kitufe cha kuachia presha kiko mahali pazuri, na usiache kukibonyeza mpaka geji irudi 0 kabla ya kufungua adapta.

Mwenye gari jipya linalotunzwa na gereji moja yenye vifaa hana haja ya kuinunua. Inamfaa mwenye gari la miaka mingi, familia yenye magari zaidi ya moja, na mtu anayenunua magari yaliyotumika, kwani dakika 20 za kipimo kabla ya mapatano humweleza mengi kuliko maneno ya muuzaji. Asiyeinunua anaweza kudai huduma hiyohiyo: amwombe fundi apime presha injini ikiwa baridi, mbele yake, aone mshale ulipoanzia na ulipoishia, aoneshwe tone lenyewe au plagi iliyooshwa, na baada ya matengenezo kipimo kirudiwe kabla ya malipo ya mwisho. Fundi anayekataa kupima, au anayependekeza kwanza ile dawa ya kumwaga ndani ya rejeta ili izibe matundu, anastahili kuulizwa maswali zaidi, kwa sababu dawa hizo hazichagui tundu la kuziba na njia nyembamba za rejeta ya hita huwa miongoni mwa za kwanza kuathirika.

Seti yangu sasa iko kwa fundi wa dada yangu, aliyeiazima wiki iliyopita kwa gari ambalo mmiliki wake alikuwa ameambiwa kwingine kwamba anunue injini nyingine. Nimemwomba aanze na mfuniko.